Fundi aliyenikatalia turbo

Mafundi Lubumbashi hawaadimiki. Pita barabara ya Kasenga, ingia Kenya, mtaa wetu wenye jina la nchi, vuka uende Katuba: kila baada ya nyumba chache kuna kiwanja chenye udongo mweusi wa mafuta, gari limeinuliwa kwa jeki na gogo, kijana amelala chini yake na wenzake wamesimama wakimwelekeza. Wengi wao ni hodari kweli. Watakuchongea springi kutoka chuma cha lori bovu na utafika nayo Pweto. Lakini dizeli ina siri zake, na injini ya zamani unayotaka kuifungia turbo, ile feni ya kuisukumia hewa ya ziada, ina siri zaidi. Fundi wa kumkabidhi pampu ya mazutu, yaani mafuta ya dizeli, ni wa kumtafuta kwa tochi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu ya mwaka 1996 iliyowahi kuwa ya wamisionari. Ndani mna 1HZ, injini ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota waliileta mwaka 1990, na ambayo Kongo nzima inaijua: mashirika, migodi, polisi, mapadri, wote wamepita nayo. Haina kompyuta, haina turbo, haina haraka. Kwenye karatasi ina nguvu ya farasi wapatao 130, lakini karatasi hiyo iliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu, karibu meta 1,200, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza kiasi kama hicho. Ipakie mifuko ya mahindi, iingize kwenye vilima vya kuelekea Likasi, utaionea huruma.

Kilichonisukuma si kupenda mbio. Ni malori. Barabara ya Likasi mchana kutwa ina misururu ya malori ya shaba yanayoteremka kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mengine ya asidi na chokaa yanayopanda migodini. Kulipita moja lenye trela, wewe ukiwa na 1HZ iliyobeba mzigo, ni kushika roho mkononi. Unatoka upande wa kushoto, unakanyaga mpaka mwisho, unasubiri. Unaendelea kusubiri. Anayekuja mbele anawasha taa. Na kwa vile magari mengi ya hapa kwetu yana usukani wa kulia, naye huko aliko labda amechungulia tu.

Shemeji yangu alishauri niuze ninunue jipya, ushauri mzuri kwa mtu mwenye pesa za kununua jipya. Mwingine aliniambia nitafute 1HD-T niiweke mahali pa 1HZ, na huu ulikuwa na akili ndani yake. Toyota walipotaka turbo kwenye lita 4.2 hawakuifungia 1HZ. Walitengeneza 1HD-T, inayopuliza mazutu moja kwa moja juu ya pistoni, mgandamizo wake 18.6 kwa 1. 1HZ hupuliza kwanza ndani ya kijichumba kilichomo kwenye kichwa cha silinda, na mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya ziada, presha na joto vinaanzia pahali palipo juu tayari. Kwa hiyo mtu akikuambia turbo kwenye 1HZ ni jambo jepesi, ujue kuna kitu hajui au kuna kitu anauza. Inawezekana, na Australia watu wameifanya miaka nenda miaka rudi, ila kwa presha ndogo na mazutu yaliyopimwa. Kwa vile 1HD-T niliyoonyeshwa mjini ilikuwa imechoka kuliko injini niliyo nayo, nikabaki na wazo la turbo. Kazi ikawa kumpata mtu.

Garaji ya kwanza niliyoingia ni ya vijana, na niseme ukweli, walinifurahisha. Muziki, mikono myepesi, bei ya kuvutia. Turbo ilikuwa tayari juu ya meza, imetolewa kwenye gari gani hakuna aliyejua. "Leo tunafunga, jioni unatoka," wakasema. Nikamuuliza mkubwa wao atajuaje kwamba mazutu aliyoongeza kwenye pampu yametosha na hayajazidi. Akacheka. "Tunaangaliaka moshi, mukubwa. Moshi mweusi ndiyo nguvu."

Hapo nilishukuru nikaondoka, na wala si kwa dharau. Anachosema kijana yule kinasemwa na wengi, na gari hutoka likikimbia kweli, kwa muda. Lakini kwa dizeli, mazutu yakiizidi hewa, joto hupanda. Moshi mweusi ni mazutu yaliyokosa hewa ya kuungua nayo vizuri, na kabla hayajafika bombani yameshazipasha pistoni na vali. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Turbo inayoongeza hewa bila mazutu kuongezwa haiiumizi injini kwa joto. Inayoua ni bisibisi kwenye skrubu ya pampu mkononi mwa mtu asiye na kipimo.

Ya pili ilikuwa karakana ya maana, ya wale wanaohudumia makandarasi wa migodi. Sakafu imepakwa rangi, wafanyakazi wana viatu vya chuma. Walinipokea kwa adabu, wakaleta kompyuta, wakatafuta mahali pa kuichomeka kwenye gari langu, wakakosa. Baada ya hapo mazungumzo yakapoa. Wakaniandikia bei ya injini nzima iliyofanyiwa matengenezo, bila mtu yeyote kufungua boneti. Sina lawama. Mteja wao, mashine yake ikisimama saa moja, hasara inazidi thamani ya pikapu yangu, kwa hiyo wamezoea kutoa cha zamani na kuweka kipya. Mimi nilihitaji mtu wa kuisikiliza injini niliyo nayo.

Aliyenipa njia ni dereva wa samaki. Samaki wa Luapula na wa Ziwa Moero huja Lubumbashi kupitia Kasenga, na wanaowaleta hawana nafasi ya kuharibikiwa njiani. Jua likichomoza wamesimama, mzigo umekwisha. Kwa hiyo wanajua fundi yupi kazi yake inafika na yupi kazi yake inaishia kilometa ya themanini. Ningekuwa na uwezo ningewashauri wote wanaotafuta fundi waanzie kwa watu wa aina hiyo, wenye mzigo unaooza, na si kwa jamaa wa kunywa nao bia ya Simba wanaosifia garaji ya binamu. Niliuliza madereva kadhaa, kwa nyakati tofauti, bila kutaja turbo. Niliuliza tu: pampu ikisumbua unampelekea nani? Wakanielekeza kwenye kiwanja kimoja Kampemba, hakina kibao, lango la bati.

Mwenyewe ni mzee. Nitamwita Mzee tu, hapendi kutangazwa. Alijifunza dizeli Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwenye karakana kuu za Panda kule Likasi, akifanyia kazi malori ya mgodini na injini kubwa za kuzalishia umeme. Alitoka mwaka 2003, kwenye ile programu ya kuondoka kwa hiari iliyowatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo. Kwetu Katanga watu wakiuzungumzia mwaka ule huzungumzia pesa za kuachia kazi zilivyokuwa kidogo na zilivyoyeyuka. Mimi huwaza zaidi juu ya ujuzi uliotoka langoni siku zile ukatawanyika kwenye viwanja vya mabati kama hiki. Mji huu bado unaula.

Sikuwa nimemaliza salamu akaanza kuuliza. "Unapitaka barabara gani? Unabebaka nini? Motere inatokotaka?" Nikajibu. Akataka kujua mara ya mwisho oili ilibadilishwa lini na mazutu nanunua wapi. Kisha nikamwambia nilichokuja kutafuta.

"Turbo? Hapana."

Nikadhani utani. Akarudia. "Hapana, mwanangu. Sifungi turbo kwa motere nisiyoijua. Acha gari. Nitaipima. Ikiwa nzima, tutasemezana. Ikiwa mgonjwa, nitakuambia inauguaka nini, na turbo utaisahau."

Nimefikiri sana baadaye juu ya "hapana" ile. Wote waliotangulia walikuwa na jibu kabla ya kuliona gari. Huyu ndiye wa kwanza aliyekuwa na swali.

Kupima kwenyewe nilikushuhudia, maana alinitaka niwepo. Betri alizichaji usiku kucha, kwa sababu stata ikizunguka kwa unyonge namba zote zinakuwa za uongo. Asubuhi akaiwasha injini mpaka ikapata moto wa kawaida, akaizima, akachomoa waya wa kukatia mazutu pampuni, kisha akafungua plagi zote sita za kupashia. Kwenye tundu la kila plagi akafunga geji, mwanafunzi wake akapiga stata, sindano ikaruka mara tatu nne ikatulia, yeye akaandika kwa chaki kwenye kizuizi cha ukuta. Silinda tano zilikaribiana sana. Ya tano kwa mpangilio ilikuwa chini kidogo. Akamwaga oili kijiko kimoja ndani ya tundu lile, akapima tena, sindano ikapanda, maana oili iliziba upenyo kati ya pistoni na silinda. "Ringi," akasema. "Si vali. Na si mbaya."

Nikamwonyesha kwenye simu namba za kitabu cha kiwanda, zilizokuwa juu kuliko zetu. Hakushtuka. Kitabu, alisema, kilipimia baharini. Hapa hewa inayoingia kwenye silinda imeshakuwa pungufu kabla haijagandamizwa, kwa hiyo geji ya Lubumbashi haiwezi kusoma sawa na ya Mombasa, hata injini ikiwa mpya. Kinachosema ukweli zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Nimeshasikia injini ya jirani ikihukumiwa kufunguliwa yote kwa sababu fundi alisoma kitabu bila kukumbuka amesimama wapi.

Halafu akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akakiweka juu ya tundu bila kukifunga, akakiangalia. Kilitikisika, hakikuruka, dalili kwamba presha inayopenya kando ya pistoni si nyingi. Akaipima rejeta kwa pampu ya mkono ya presha, na hapo ndipo ugonjwa ulipojitokeza. Presha ilishuka polepole, na alipomulika kati ya mapezi ya rejeta tukaona udongo mwekundu umeshakuwa tofali. Feni nayo, alipoizungusha kwa mkono injini ikiwa ya moto, ilizunguka yenyewe kwa raha, maana yake klachi yake ya silikoni imekwisha na haiishiki tena. Kwa 1HZ hilo si la kupuuza. Ikichemka sana, kichwa cha silinda hupasuka katikati ya vali, na huku kwetu maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kama kifuniko cha rejeta hakishiki presha. "Umekuja kuomba moto zaidi," akaniambia, "na wa sasa hujui pa kuupeleka."

Kwa hiyo pesa yangu ya kwanza haikwenda kwenye turbo. Ilikwenda kwenye rejeta, klachi ya feni, kifuniko, mipira ya maji na termostati. Baada ya hapo injekta, zile zinazopuliza mazutu ndani ya injini. Alizifunga moja moja kwenye pampu ya mkono, akasukuma mpini taratibu, na mimi nikachuchumaa karibu. Injekta nzima hukaa kimya, kimya, kisha hulia kwa ghafla na kutoa ukungu. Mbili za kwangu hazikulia, zilidondosha. Tone likajikusanya kwenye ncha, likaanguka, likafuatwa na lingine. Tone kama hilo ndani ya silinda halisubiri zamu yake, linaungua vibaya na kuichoma pistoni pahali pamoja. Vichwa vya injekta zote sita tulibadilisha.

Pampu hakuigusa. Nilishangaa, maana ndiyo iliyonipeleka kwake. Alisema mashine ya kuipimia hana, na pampu ya mzunguko kama hii huwezi kuifungua mezani ukairudisha kwa macho. Akaniandikia barua kwa mtu mwingine mwenye mashine hiyo, maneno mafupi tu, ya Kifaransa, yenye namba. Nilikaa kule mchana mzima tukingoja umeme urudi. Pampu ikatoka na mihuri mipya, na ikafungiwa juu yake kifaa ambacho pampu yangu haikuwa nacho: kiwambo kinachosoma presha ya turbo kwa bomba jembamba na kuruhusu mazutu ya ziada pale tu hewa ya ziada inapokuwepo. Bila hicho unalazimika kuchagua. Ama uongeze mazutu kila wakati, ufukize moshi taa za barabarani zikiruhusu, ama usiongeze kabisa. Pampu iliporudi, Mzee aliifunga na kuweka taimingi, yaani wakati wa mazutu kupulizwa, kwa saa ndogo ya kipimo inayosokotwa nyuma ya pampu, inayosoma milimita kwa sehemu mia. Alirudia mpaka sindano ikasimama alipotaka. Kwa sikio, alisema, unaweza kumtambua mtoto wako anayelia, taimingi huwezi.

Turbo ilipokuja kuzungumzwa, binamu yangu alileta ya mtumba, kubwa, ya gari la Kijapani la mizigo. Mzee aliishika shafti kwa vidole viwili, akaivuta nje ndani, akaisukuma pembeni. Pembeni ilicheza kidogo, na hiyo ni halali, kwa sababu shafti ya turbo huelea juu ya utando wa oili. Nje ndani ilicheza pia, na hiyo si halali. Akamrudishia binamu kwa heshima. Hata ingekuwa nzima, akasema, ni kubwa mno. Ingeamka injini ikiwa tayari inapiga kelele, wakati mimi nguvu naitaka chini, kwenye mzunguko wa 1,800 hadi 2,500, ninakopandia vilima. Tukaagiza ndogo, kwa mtu anayeleta vipuri kutoka upande wa Zambia, na manifodi yake, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote. Ilichukua wiki nyingi. Kasumbalesa ni Kasumbalesa.

Kufunga kulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kwa bomba moja. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha, lakini inatoka kwa kuanguka tu, kwa uzito wake. Bomba la kurudishia lazima liwe pana, literemke bila kona za kujikunja, na liingie kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Mwanafunzi wake alilipitisha kwa mzunguko mzuri wa kupendeza ili lisiguse kitu. Mzee akaling'oa. Pembeni ya kiwanja palikuwa na gari la mtu, turbo yake ya tatu inavuja, moshi wa bluu, mwenyewe akilaani waliomuuzia. Mzee akatuita tukachungulie bomba lake: lilikuwa na tumbo katikati. Oili ikishindwa kushuka hutafuta njia kupitia mihuri, na turbo haina kosa lolote.

Jambo ambalo hakukubali kulijadili ni kipimajoto cha moshi. Alitoboa manifodi kabla ya turbo, si baada yake, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbini umepoa kwa nyuzi mia au zaidi na geji itakuambia mambo matamu. Alitoboa manifodi ikiwa mezani, chembe zikafutwa zote, maana chuma kidogo kikiingia kwenye mapanga yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakuna cha kuokoa. Pembeni yake akaweka geji ya presha. Ni geji mbili tu, lakini kwa bei zake ningenunua matairi, na nilimwambia hivyo. "Basi nunua matairi," akajibu, akaweka bisibisi chini.

Nikanunua geji.

Majaribio tuliyafanya barabara ya Likasi, mzigo umepakiwa, yeye kiti cha abiria na bisibisi mfukoni. Alitaka kilima kirefu na alitaka nikanyage mpaka mwisho nisiachie. Mara ya kwanza presha ilisimama kwenye nusu bar na joto likapanda, 600, 650, 700, likaendelea. Kwenye 740 akasema achia. Tukaegesha, tukangoja injini ipumue kwa dakika mbili bila kuzimwa, akapunguza mazutu kidogo sana, sehemu ya robo ya mzunguko. Tukarudi chini tukapanda tena. Aliendelea hivyo mpaka kilima kilekile, kwa mguu uleule, hakikuvuka 670. Gari lilikuwa limepoteza kidogo ya lile teke la mwanzo. Nilimwomba aache kidogo tu cha ziada. Akaniuliza kama ninapopanda kilima na malori mbele nitakuwa naangalia geji au naangalia barabara. Mpangilio wa pampu aliuweka kwa ajili ya dereva asiyeangalia geji, na nadhani alinisoma vizuri.

Sasa matokeo, bila kupamba. Si gari la mbio na halitakuwa. Lakini kilima nilichokuwa nakipanda kwa gia ya tatu nakipanda kwa ya nne, na lori lenye trela nalipita ndani ya nafasi ambayo zamani nisingeithubutu. Kwenye tambarare mazutu yanayotumika ni karibu yaleyale; kwenye mzigo yanazidi kidogo, kwa sababu nguvu haitoki hewani peke yake. Klachi ilianza kuteleza baada ya miezi kadhaa, kama alivyonitahadharisha, nikaweka nzito zaidi. Giaboksi ya H55F iliyomo kwenye gari langu ni ngumu na haijalalamika. Wenye 1HZ za baadaye zenye R151F nimewasikia wakilia kuhusu gia ya tano, kwa hiyo wao wasivute mzigo na tano kwenye mzunguko wa chini.

Kuna mahali sikubaliani naye. Hataki kipozahewa, kile cha kupoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Anasema kwa nusu bar hakina kazi kubwa na kinaiziba rejeta upepo. Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa kileleni kabla ya mvua, naona geji ikikaa juu kuliko mwezi wa sita, na nadhani kipozahewa kidogo juu ya injini kingesaidia. Tumebishana. Amesema nikiweka nisimletee.

Vumbi ndilo linaloniogopesha zaidi ya joto. Barabara za vumbi jekundu kiangazi haziachi upenyo, na turbo inavuta hewa nyingi kuliko injini ilivyozoea. Kila nikirudi shambani nafungua bomba kati ya filta na turbo, naingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, kuna mahali panavuja, na sitembei mpaka nimepaona. Oili nabadilisha kila kilometa 5,000. Mazutu ya madumu siyagusi, kwa sababu mengine yamechanganywa na mafuta ya taa, na pampu ile hulainishwa na mazutu yenyewe. Ukiipa kitu kikavu unaisaga.

Watu huniomba namba ya simu ya Mzee. Simu anayo, hapokei. Ukimtaka fika langoni kabla ya saa moja asubuhi, gari likiwa na moto wa kawaida na betri zikiwa nzima, na uwe tayari kumwambia unapitaka barabara gani na unabebaka nini. Ukianza na neno turbo atakukatalia. Subiri amalize maswali yake. Na usimpelekee mwezi wa kumi na mbili: madereva wa samaki huwa wamejaza kiwanja chote, na hao hawapangishwi foleni na mtu.